Chumba cha Jioni

Bwana Kessler, mthamini aliyeletwa na benki ya mnunuzi, alivua viatu mlangoni bila kuambiwa, akavipanga juu ya gazeti, akaanza kupima sebule. Alikuwa mtu mzima, mnene kidogo, anayepumua kwa kelele. Alipitisha kiganja juu ya kaunta mpya ya mawe, akafungua bomba, akalifunga, akachuchumaa kutazama mbao za sakafu.

"Kazi safi," alisema. "Fundi wako nani?"

"Wa kaka yangu," Nubia akajibu. "Kunywa kahawa kwanza, Bwana Kessler. Bado mapema."

Alimpangia aje alasiri kwa makusudi. Fleti ilikuwa ya mama yao, Ofelia Quintero, aliyenunua hisa zake katika jengo hilo la ushirika kwa kushonea nusu ya mtaa wa Jackson Heights, New York, magauni ya harusi. Sasa ilikuwa ya Nubia na kaka yake Hernán, na Hernán, ambaye alihamia New Jersey zamani, ndiye aliyeikarabati na ndiye aliyetaka iuzwe. Nubia hakuwa na ubavu wa kubishana naye. Ila aliijua bodi ya jengo lao, ambayo lazima ipitishe kila mauzo. Bei ya fleti moja huwapima majirani wote, kwa hiyo bodi haimwachi mtu auze kwa bei ya kutupa. Mnunuzi hurudishwa alikotoka, wala haambiwi sababu. Kessler akiandika thamani ndogo, benki itapunguza mkopo, bei itashuka, na bodi itakataa. Bodi ikikataa, Nubia atabaki na mama yake.

Kahawa ilipoisha, mwanga uliondoka uani na ukuta ukaanza kuinuka. Ulitoka sakafuni polepole, kama unga unavyoumuka, ukapita katikati ya kaunta bila kuipasua. Karatasi ya maua ya kijani, ile waliyoibandua mafundi, ikajitandaza juu yake. Mwisho ukaja mlango. Bwana Kessler alisogeza kikombe chake kisije kikabanwa.

"Chumba hiki hakimo kwenye ramani," alisema.

"Kilibomolewa. Huwa kinarudi jioni, kinakaa mpaka alfajiri."

"Aa." Akachukua tepu yake, akapiga hodi.

Ndani, Mama alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, amevaa koti na viatu, mkoba mapajani. Hivyo ndivyo alivyokuwa siku Hernán na Nubia walipompeleka nyumba ya wazee. Walimwambia ni wiki chache tu, mpaka vumbi la mafundi litulie. Kesho yake mafundi wakaangusha chumba. Mama alifia kule, vigae havijabandikwa bado, akiwauliza manesi kama kwake kumeshafagiliwa.

"Ndiye dereva huyu?" Mama aliuliza.

"Siye, Mama. Anapima tu."

"Basi apime, asinikanyage."

Aliinua miguu, tepu ikapita chini yake. Kessler akajaribu dirisha, likagoma.

"Lipige ngumi hapo chini," Mama akamwelekeza. "Si hivyo, baba, unalipapasa kama shavu la mchumba! Piga!"

Akapiga, likafunguka. Akashukuru, akatoka.

"Umeona mwenyewe," Nubia alimwambia huku nje. "Nani anunue nyumba yenye marehemu? Ishushe, Bwana Kessler. Ishushe sana."

"Kwa lipi? Kina dirisha, kina kabati, mlango unafunga. Hicho ni chumba cha kulala."

"Mchana hakipo!"

"Mchana nani analala, dada?" Alikuwa anafunga kamba za viatu. "Mtaa wa pili kuna fleti, kila Jumapili mvua inanyesha sebuleni. Ile niliishusha, mbao zimeoza. Mama yako anaozesha nini?"

"Na yeye mwenyewe? Humhesabu?"

"Watu siwapimi. Napima kuta."

Aliandika vyumba viwili vya kulala, kimoja cha jioni. Thamani ikapanda. Hernán alipiga simu akicheka. "We Nubia! Ulivyokililia kile chumba, kumbe Mama katuachia neema!"

"Njoo basi umwone."

"Nitakuja. Wiki hii imenibana."

Bodi ikapitisha mauzo bila swali. Mwenyekiti alimpa Nubia mkono, akamshukuru kwa niaba ya majirani.

Jioni ya mwisho Nubia alimwomba Mama watoke pamoja. Mama alifika mlangoni, akaitazama sebule tupu, akarudi kuketi. Alisema ameambiwa asubiri gari. Akiondoka, dereva atamkosa.

Nubia akapanga chumba kule mtaa wa Corona, juu ya duka la mikate. Theluji ilipoyeyuka, mke wa mnunuzi alimpigia simu.

"Samahani kukusumbua, dada Nubia. Mtoto wetu tunamlaza kile chumba cha jioni. Akilia, mama yako anambeba. Nilitaka kujua tu, mikono yake ina nguvu?"

"Ina nguvu. Ila msimvue koti, hapendi."

"Tumemwacha nalo. Halafu anamwita Nubia, na huyu ni wa kiume. Hatukumsahihisha."

Nubia alisema hakuna ubaya. Akauliza kama mtoto analala vizuri.

"Fofofo," yule mwanamke akasema. "Alfajiri tunamtoa mtoto kwanza, ndipo ukuta unashuka."