Vitu Vinavyopumua

Mwaka wa 1996 nilikuwa nafundisha darasa la tatu katika shule ndogo nje ya Kitengela, upande wa kwenda Isinya. Mume wangu alikuwa ameaga miaka miwili kabla, na watoto wangu walikuwa wametawanyika na kazi zao. Nyumba ya mwalimu ilikuwa na vyumba viwili. Nilitumia kimoja tu.

Chuoni tulifunzwa kuanza na kile mtoto anachokijua. Basi nilichora mbuzi ubaoni, maana wengi wa watoto wangu walitoka kwa wafugaji.

"Nasieku, hawa mbuzi ni wangapi?"

Nasieku alisimama, akatazama ukuta. Nikamuuliza kwao wamezaliwa watoto wangapi. Kimya. Istar, binti wa mwenye duka aliyekaa naye dawati moja, alimwonyesha vidole chini ya meza ili kumsaidia. Bado hakusema. Mtihani wa mwisho wa mwaka niliujaza ng'ombe, mbuzi na kuku, naye akarudisha karatasi tupu.

Nilimwandika kwenye orodha ya kurudia darasa. Nilijua maana yake. Baba yake alikuwa amenieleza wazi kwamba akirudia, atarudi nyumbani kuchunga.

Mwalimu mkuu akaibandika orodha. Jumamosi nikatembea hadi kwao, ili mama yake asisikie habari hiyo kwa watu. Alipangusa kigoda kwa shuka yake mwenyewe, akanipa chai kwenye kikombe pekee kilichokuwa na mkono. Nilishindwa kuinywa.

"Mama Nasieku, mtoto hajui kuhesabu."

"Ulimuuliza ahesabu nini?"

"Mbuzi. Ng'ombe. Watoto wa nyumba yenu."

Aliziba mdomo kwa kiganja, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Ai, Mwalimu! Kitu iko na pumzi haihesabiwi. Ukihesabu watoto, unaita kifo ikuje ichague. Na wewe unamwambia ahesabu watoto yangu?"

"Basi mnajuaje mbuzi wote wamerudi?"

"Kwa sura. Wewe ukiingia darasa, si unaona nani hayuko? Muulize mawe."

Nikamwita Nasieku, akaokota mawe, akayapanga mchangani. Alijumlisha, akatoa, akazidisha, haraka kuliko nilivyoweza kumuuliza. Mtoto alikuwa amenyamaza mwaka mzima ili ndugu zake wasidhurike, nami nikampa sifuri kwa upendo huo.

Mama yake alinisindikiza karibu nusu ya njia. Hakunilaumu hata kwa neno moja.

Jumatatu nilimwendea mwalimu mkuu, Bwana Maundu.

"Orodha imeshabandikwa, Mwalimu Waithera," akasema. "Baba yake ameiona na amekubali. Sasa nimwambie nini? Kwamba mwalimu aliyefundisha miaka ishirini hajui kupima mtoto?"

"Nitamwambia mimi."

Akanipa sharti. "Mbele ya wazazi wote, basi. Ukinong'ona, watasema umehongwa maziwa."

Siku ya mkutano wa wazazi nilisimama mbele yao. Nilisema Nasieku hakuanguka. Nilisema aliyeanguka ni mimi, kwa sababu nilipima kimya chake bila kukiuliza kinatoka wapi. Sauti ya mzee mmoja ikatoka nyuma:

"Kumbe hata walimu hurudia darasa!"

Walicheka wote, nami nikacheka nao, ingawa uso ulikuwa unaniwaka. Baba yake Nasieku hakucheka. Alimwomba Maundu kalamu, akaenda kwenye ile orodha, akalipiga jina la binti yake mstari yeye mwenyewe. Alipopita karibu nami akasema, "Januari atakuja."

Nilifika nyumbani jioni. Kwa miaka mingi habari kama hiyo nilikuwa naanza kumsimulia mume wangu nikiwa bado mlangoni, kabla ya kuvua viatu. Siku hiyo nilisimama na ufunguo mkononi, nikasema kwa sauti, "Amepita." Kisha nikaingia, nikawasha jiko, nikatafuta sufuria ndogo.

Januari Nasieku alikuja kweli. Alipita mbele ya dirisha langu akikimbizana na Istar kuelekea darasa la nne, wala hakugeuka kunitazama. Nami sikumwita.