Sentensi ya Tatu ya Keturah

Corinne alikuwa akiwafundisha wanawe wawili pale pale kwenye meza ya kulia, tangu Keturah alipofika umri wa shule. Ijumaa hiyo, baada ya wimbo na mstari wa Zaburi, aliandika ubaoni: haraka, haraka zaidi, haraka kuliko wote.

"Kila mtu aandike sentensi tatu za watu au wanyama wa nyumba hii," alisema. "Na ziwe za kweli. Uongo wa kwenye daftari nao ni uongo."

"Joel anakula haraka," Keturah alianza kwa mdomo. "Mbwa anakula haraka zaidi."

"Mimi si mbwa," alisema Joel, mdogo wake wa miaka saba.

"Nimesema mbwa anakushinda. Ungeshukuru."

Corinne alikaribia kucheka. Tangu Machi, walipomzika mtoto wao mchanga, Micah, nyuma ya kanisa akiwa na siku kumi na moja tu, kucheka kulimtia aibu.

Watoto wakainamia madaftari. Alipopita nyuma ya kiti cha Keturah, akasoma: *Mimi naomba kimyakimya. Mama anaomba kimyakimya zaidi. Baba anaomba kimyakimya kuliko sisi sote.*

Akasimama.

Zamani mumewe, Dwight, alipoomba mezani, sauti yake ilifika hadi kwenye banda la kuku. Wenzake wa kiwanda cha mbao walimtania kwamba hata kahawa anaibariki. Siku hizi alishika mikono ya watoto, akainamisha kichwa, akamwachia Corinne aseme. Siku ya Pasaka mchungaji alimwomba ashukuru kwa chakula. Dwight aliondoka mezani, na siku mbili hakusema na mtu. Na leo ilikuwa Ijumaa. Kila Ijumaa baba ndiye aliyekuwa mwalimu mkuu: watoto walimsomea kazi yao kabla ya chakula, naye akasahihisha kwa penseli nyekundu.

"Keturah, andika nyingine. Ya mbwa ilikuwa nzuri."

"Kwani hii si ya kweli, mama?"

Corinne alikuwa tayari ameshika kifutio. Alitafuta jibu ambalo lisingekuwa uongo, akalikosa. Akakirudisha kifutio kwenye kikopo chake.

Jioni Dwight aliingia na unga wa mbao kwenye nyusi, akanawa, akaketi. Maharage na mkate wa mahindi vilikuwa mezani. Joel alisoma sentensi zake za kuku, akapata alama tatu za vema. Keturah akasimama, akasoma zake polepole. Corinne alitazama miguu ya kiti cha mumewe, akingoja isogee.

Haikusogea. Dwight alivuta daftari, akatia vema ya kwanza, akatia ya pili. Penseli ikasimama.

"Hii ya tatu si kweli, mwanangu."

"Kwa nini, baba?"

"Siombi kimyakimya. Siombi kabisa. Tangu Micah."

Joel alimtazama mama yake.

"Basi niifute?" Keturah aliuliza. Sauti yake ilikuwa imepungua. "Mimi nilidhani unaomba. Unafumba macho."

Dwight aliweka penseli chini, akanyoosha mikono yake juu ya meza, mmoja kwa kila mtoto, nao wakaishika. Corinne akafungua kinywa aanze kama kawaida.

"Ngoja, Corinne," Dwight alisema. "Leo ngoja."

Akangoja. Mvuke wa maharage ulipungua, kisha ukaisha. Joel, ambaye hakuwa amewahi kusubiri chakula, hakusogea. Chozi moja likapita kwenye ule unga wa mbao uliobaki shavuni mwa Dwight. Midomo yake haikutoa neno. Corinne alishika mkono wa Keturah kwa upande wake akaona una jasho.

"Amina," Dwight akasema mwishowe, kwa sauti iliyokwaruza.

Kisha akaachia mikono, akaokota penseli nyekundu, akaiwekea vema sentensi ya tatu.

"Kaa ule," akamwambia Keturah. "Chakula kimepoa."