Mazoezi ya Sabato Hufanywa Ijumaa

Mjukuu wangu Bichage alikuja kunitembelea hapa Migori kwa wiki moja. Wiki hiyo sasa ina mwaka mzima na bado haijaisha. Analala sebuleni, miguu ikining'inia nje ya kochi kama ya mbuzi aliyefungiwa nyuma ya gari la probox, na mimi nikitaka kwenda jikoni asubuhi lazima niruke vyuma vyake vya mazoezi kwanza. Mwanamke wa umri wangu anaruka viunzi kabla ya chai.

Kwa hivyo msinilaumu kwa furaha niliyopata siku aliporudi kutoka Homa Bay na habari. Kuna shule ya binafsi kule ilikuwa inatafuta mwalimu wa michezo. Mwalimu mkuu wake anaitwa Damaris, mama asiyecheka ovyo. Alivitazama vyeti vya Bichage, akavirudisha kwenye bahasha.

"Karatasi hazikimbii," alimwambia. "Mwezi ujao kuna triathloni ya wanaoanza hapa ufukweni. Nenda ushiriki. Ukimaliza kabla muda haujaisha na utepe wa mwisho haujafunguliwa, kazi ni yako, na nyumba ya mwalimu iko ndani ya shule."

Nyumba! Niliposikia neno hilo, nikaanza kupenda michezo.

"Hiyo triathloni ni kitu gani, mume wangu?" nikamuuliza. Kwetu nyanya humwita mjukuu wake wa kiume mume, ndiyo maana ninaruhusiwa kumsumbua bila kuomba ruhusa.

"Unaogelea ziwani, Nyanya. Ukitoka unapanda baiskeli. Ukishuka kwa baiskeli unakimbia."

"Mtu anafukuzwa na nani?"

"Hakuna mtu anafukuzwa. Ni mchezo."

Mimi nilidhani ni kifungo cha mahakama.

Sasa, kuogelea alikuwa anajua, alifundishwa shuleni. Baiskeli aliazima. Pumzi na nguvu ndizo zilizobaki, na hapo ndipo walimu walipojitokeza. Wa kwanza alikuwa Obare, mwenye jimu iliyo nyuma ya posho mill ya kusagia unga, ambako vyuma ni mabomba yaliyochomekwa kwenye mikebe ya saruji. Obare ana kifua kama mlango wa benki. Miguu sijawahi kuiona vizuri, naona aibu kuuliza kama ipo.

"Chuma kila siku, kijana," Obare alimwambia. "Mtu mwenye nguvu hachoki."

Nilimwona Obare mwenyewe akipanda ngazi za duka la dawa wiki hiyo hiyo. Alipumzika katikati.

Mwalimu wa pili alikuwa Liz, binti wa jirani yangu, anasoma chuo kule Rongo. Yeye pia alikuwa amejiandikisha kwa triathloni hiyo, mara yake ya kwanza. Msichana mwembamba hivi, ukimpa mkono unaogopa utabaki nao.

"Bichage, vyuma mara mbili kwa wiki vinatosha," Liz alisema, ameketi hapo kwangu anamenya njugu. "Vinakusaidia usiumie goti, usipinde mgongo kwa baiskeli. Lakini siku ya vyuma vizito isikaribiane na siku ya mwendo mrefu. Pumzi inataka miguu iliyopona. Na wiki ya mashindano, vyuma unaviacha kabisa."

"Kabisa?"

"Kabisa. Unatembeza miguu kidogo, unalala."

Bichage akaitikia kwa kichwa, vizuri sana, kama mtu anayemsikiliza chifu. Kisha akafanya yote ya Liz na yote ya Obare. Alfajiri anakimbia kuelekea daraja la mto, jioni anabeba saruji, siku inayofuata anaendesha baiskeli hadi Rongo na kurudi, halafu saruji tena. Alipumzika siku moja tu, Jumamosi. Msimpongeze, sisi ni Wasabato. Aliyempumzisha ni Mungu.

Ikafika Ijumaa ya mwisho. Mashindano yalikuwa Jumapili.

Anayejua nyumba ya Msabato anajua Ijumaa ilivyo. Jua likianza kushuka, kila mtu anakimbizana nalo. Chakula cha kesho kinapikwa leo, viatu vya kesho vinapakwa rangi leo, kuni zinaingizwa, nguo zinapigwa pasi, kwa sababu likizama hakuna kazi tena. Nilikuwa nimeweka sufuria ya maharagwe motoni Bichage alipokuja kusimama mlangoni, amevaa kaptura ya jimu.

"Nyanya, hayo ni ya leo?"

"Ni ya kesho."

"Na unapika leo?"

"Kwani umehamia nyumba hii lini? Kesho sipiki."

Akatabasamu. Mtu akitabasamu hivyo mbele ya sufuria yangu, najua kuna jambo.

"Basi hata mimi kesho sibebi chuma," akasema. "Na keshokutwa ni mashindano. Nitabeba cha leo na cha kesho sasa hivi, kabla jua halijazama. Nipate akiba."

"Liz alisema uache."

"Liz alisema wiki hii nisibebe vyuma. Jimu nimeiacha. Nitabeba magunia yako."

Tazameni kijana aliyesoma hadi chuo anavyojua kutii! Nikamwambia misuli si maharagwe, hailali kwenye sufuria ikakungoja. Akacheka, akainama, akaweka gunia la mahindi mabegani na kuanza kuchuchumaa na kuinuka nalo, kuchuchumaa na kuinuka.

Nimesema nilimkataza. Sikusema nilimkataza mpaka mwisho. Magunia yale yalikuwa barazani tangu mavuno na nilikuwa sijapata mtu wa kuyahamisha.

"Kama ni lazima ubebe," nikamwambia, "basi ukiinuka nalo lipeleke stoo."

Akayahamisha yote. Jua lilipozama alikuwa anang'aa jasho na baraza langu lilikuwa safi kama la askofu.

Jumamosi kanisani tulipoitwa kupiga magoti, Bichage alishuka kama ngamia, awamu kwa awamu. Ombi likaisha, watu wakainuka. Yeye akabaki chini. Wimbo ukaanza, ukaisha. Mzee wa kanisa Motari, aliyekuwa anaongoza, akashuka kwenye mimbari akamwekea mkono begani, macho yamemlowa.

"Roho anakushughulikia, kijana."

"Ni mapaja, Mzee," Bichage akanong'ona. "Nishike mkono."

Jumapili alfajiri tukaondoka Migori, mimi, Bichage na Liz, baiskeli zikiwa juu ya gari. Alipokuwa akishuka Homa Bay alitanguliza mikono. Liz akamtazama.

"Ulibeba nini?"

"Magunia kidogo tu. Ijumaa."

"Bichage! Maumivu ya kubeba huja kukaa siku ya pili. Siku ya pili ni leo!"

Alikuwa amemwona Mwalimu Damaris kwenye mstari wa mwisho, chini ya mwavuli, saa mkononi, na uso wake ukawa mdogo. Mwaka mzima wa kuomba kazi, bahasha kila ofisi, na sasa mlango mmoja umefunguliwa. Hapo hata mimi sikuwa na la kuchekesha.

Filimbi ikapigwa. Majini alienda vizuri, maana mikono haikuwa na ugomvi na mtu. Alitoka kati ya wa mbele, gugumaji limemkaa begani kama kitenge, watu wakashangilia. Baiskeli wakaelekea njia ya Rangwe. Wengine walirudi, Liz akarudi, halafu wachuuzi wa samaki wakaanza kuniuliza kama mtu wangu amehamia Rangwe. Alipofika na kushuka kwenye baiskeli, miguu ilibaki imekunjwa. Alisimama pale kama kiti.

Alipojikokota kuanza mbio, nikachukua boda boda nikamfuata. Kanuni zilikataza kumsaidia mshindani kwa maji au kwa mkono. Kwa mdomo hazikusema.

"Mume wangu!" nikamwita kutoka nyuma ya pikipiki. "Yule mtoto aliyebeba mtungi amekupita mara mbili!"

"Nyanya, niache."

"Nikuache wapi? Urudi kwangu?"

Akakimbia kidogo. Misuli ikambana, akashika paja. Akatembea. Mwanaume mmoja wa pale akampigia kelele, "Omera, ndugu yangu, kaza!" naye akakaza, akaenda hatua chache, akasimama tena. Gari la kuwaokota waliochoka likaja kando yake, dereva akafungua mlango. Bichage akautazama mlango ule kwa mapenzi makubwa. Kisha akautikisia kichwa, akaendelea kutembea, machozi yanashuka na jasho, mtu asijue ni lipi. Nikamwambia dereva wa boda aende polepole. Sikumtania tena.

Alifika. Utepe ulikuwa umeshafunguliwa, kijana mmoja anauviringisha. Liz alikuwa amekaa chini na medali shingoni, anakula ndizi.

Mwalimu Damaris akaja. "Nini kilitokea?"

Bichage angeweza kusema baiskeli iliharibika. Nilimwombea kimoyomoyo aseme baiskeli iliharibika.

"Nilibeba magunia Ijumaa, Madam. Nilitaka kuweka akiba ya nguvu."

"Na watoto wangu ungewafundisha hivyo?"

Akainamisha kichwa.

"Mwalimu," nikaingilia, "mchukue tu. Awe mfano wa kisichofaa. Shule nyingi hazina."

Karibu acheke, niliona. Lakini akakunja mwavuli wake.

"Mama, kazi nitampa aliyemaliza. Mwakani nitahitaji mwalimu wa pili, mashindano yatakuwa hapa hapa. Akimaliza, aje."

Mwakani. Nikashika kiuno.

Bichage alikaa pale chini kando ya Liz, mimi ndiye niliyemsaidia kukunja magoti. Liz akamkatia kipande cha ndizi yake. Kisha akauliza, safari hii kwa sauti ya mtu anayetaka kujua kweli:

"Liz, nikianza upya kesho, naanza na nini?"

"Kulala."

"Na keshokutwa?"

"Kulala tena. Unakula, unalala, mpaka miguu iache kukuchukia. Wiki hii yote usiguse kitu."

Bichage akanigeukia, uso umetulia kama wa mtu aliyekwisha lala kwenye kochi langu.

"Nyanya, umesikia mwalimu."