Suti ya Mtu Asiyepimwa

Mzee Osundwa wa Butali alikuwa amefika miaka sitini na mitatu bila kupimwa na fundi wa nguo hata siku moja. Si kwamba alitembea uchi. Alikuwa na koti la kahawia la mitumba kutoka soko la Lubao, ambalo mabega yake yalikaribia viwiko, na suruali kadhaa ambazo wenyewe wa kwanza, ukizitazama, walikuwa watu warefu kupita kiasi. Kiwandani, alikolisha mashine miwa miaka ishirini na minane, alipokea ovaroli yoyote aliyopewa, akaikunja miguu, akaenda kazini. Lakini fundi mwenye tepu shingoni akimsogelea, Osundwa alikumbuka ghafla kwamba kuna ng'ombe hajanyweshwa.

Sababu yake kila mtu aliijua. Alipokuwa na miaka tisa, babake, mzee Osiako, aliugua mapafu. Akaanza kupata nafuu, akaomba uji, akamaliza kikombe. Mchana huohuo shangazi mmoja, mwenye haraka zake, akaleta seremala, na seremala akampima mgonjwa kwa tete, utosi hadi kisigino, akidhani amelala. Mzee alifungua macho akalitazama lile tete. Siku ya tatu wakamzika, na jeneza lilimtosha sawasawa. Tangu hapo Osundwa akasema mtu hupimwa mara moja tu maishani, na yeye hana haraka.

Mkewe, Milcah, aliishi na jambo hilo miaka thelathini kama watu wanavyoishi na mlango unaokwaruza. Shida ilianza binti yao Nekesa, mwalimu mjini Kakamega, alipoposwa na Oliver, kijana wa Likuyani. Kamati ya harusi ilikaa, ikanywa soda, ikaamua kwamba baba wa pande zote mbili watavaa suti za samawati iliyoiva, za kushonwa, si za kuokota. Nekesa akanunua kitambaa mwenyewe, akakileta nyumbani kimekunjwa ndani ya gazeti.

Osundwa alikipapasa kitambaa, akakisifu, kisha akakirudisha.

"Wanzala ako na suti tatu," alisema. "Huyo ni baba mdogo wako. Akupeleke yeye kanisani. Mimi nitakaa kwa benchi, nitaimba."

Nekesa alikikunja tena kitambaa ndani ya gazeti, akamwachia mamake. Wanzala, mdogo wake Osundwa, hakungoja kuombwa. Siku hiyohiyo alianza mazoezi ya kutembea polepole, akienda na kurudi kati ya zizi na choo, mkono mmoja ameukunja kana kwamba bibi harusi tayari ameushika. Milcah alimkuta mumewe amesimama nyuma ya migomba akiyatazama mazoezi hayo. Uso wake ulikuwa wa mtu anayeona ng'ombe wake akikamuliwa na jirani. Milcah alimhurumia, halafu akamkasirikia, halafu akakata shauri. Mume wake ndiye atakayempeleka mtoto, apende asipende, na kama hapimiki akiwa anajua, basi atapimwa bila kujua.

Kesho yake alifika Kakamega, kwenye kibaraza cha fundi Phineas, akiwa na kitambaa kwapani. Phineas alikuwa mtu mwembamba mwenye miwani iliyofungwa uzi, na madaha kama ya askofu.

"Mama, mwenye suti ako wapi?" aliuliza.

"Mwenye suti hapimwangi."

"Hapimwangi namna gani? Ni mgonjwa?"

Milcah akamweleza. Phineas alivua miwani, akaifuta, akairudisha. Alisema yeye ameshonea wachungaji na waheshimiwa, na hajawahi kukata kitambaa kwa hadithi. Milcah hakubishana. Alikaa kwenye benchi la wateja, akatoa ndizi, akaanza kula taratibu kama mtu aliyekuja kukaa wiki nzima. Ndizi ya tatu ilipoisha, fundi alisalimu amri. Alimkatia uzi mnene wa katani na kumfundisha: kila kipimo fundo moja, kuanzia mwisho mmoja wa kamba, na kila fundo kipande cha kitambaa cha rangi yake. Nyekundu bega, kijani mkono, nyeupe kifua, nyeusi tumbo.

"Ukikosea fundo moja, mama, usije kunililia."

"Mimi nilisukanga watoto wa kijiji kizima," alisema Milcah. "Fundo halinishindi."

Urefu wa suruali aliupata kwenye suruali kuukuu iliyoanikwa, akiishia kwenye alama ya mkunjo, bila jasho. Bega alilipata Jumanne, akijifanya anamtoa mumewe jani la muwa mgongoni. Jani hilo lilichukua muda mrefu kutoka, hata Osundwa akauliza kama ni jani ama ni shamba. Mkono aliupata Alhamisi, alipomwomba amwonyeshe mpaka wa shamba la jirani. Osundwa akanyoosha kidole kwa hasira, maana mpaka ule ulimuuma, na akaendelea kuunyoosha huku akitoa historia yake yote. Milcah, nyuma yake, alifunga fundo la kijani bila wasiwasi.

Vilibaki kifua na tumbo, na hivyo havipatikani kwa ujanja wa mbali. Milcah akangoja Jumapili. Baada ya kanisa alimchinjia ingokho, kuku mzima, akamsongea ugali, obusuma mlima, akamtazama akiubomoa mlima wote. Saa nane mchana Osundwa alikuwa chali kwenye kochi la sebuleni, mdomo wazi, akikoroma hadi vitambaa vya kochi vinatetemeka.

Milcah akapiga magoti. Akapenyeza kamba chini ya mgongo, taratibu, akaitoa upande wa pili. Kifua akakipata. Fundo jeupe. Akashuka tumboni, na kamba ilipogusa shati mkoromo ukakatika. Milcah akaganda. Osundwa naye akaganda. Kwa muda sebule nzima haikupumua, hata kuku mlangoni alisimama mguu mmoja juu. Milcah akakaza kamba, akafunga fundo jeusi, akaichomoa. Alikuwa bado hajafika jikoni aliposikia pumzi ndefu ikitoka, puuu, kama tairi la trekta, na mkoromo ukaanza upya, mkubwa kuliko wa kwanza.

Akiwa jikoni aliitazama kamba na kushangaa kidogo. Kuku mzima na obusuma wote ule, na fundo jeusi lilikuwa limekaa hapo tu, karibu na jeupe. Akajiambia kwamba mtu akilala chali nyama hutawanyika.

Kamba ilikwenda kwa Phineas, na wiki mbili baadaye, Jumatano, harusi ikiwa Jumamosi hiyo, suti ilifika Butali. Milcah alikuwa na uongo wake tayari: fundi alishonea mtu mwingine, mtu akahama, suti ikabaki, kwa bahati tu ni ya samawati. Osundwa hakuuliza swali hata moja. Hilo lingemshtua mke mwenye akili, lakini Milcah alikuwa na furaha, na furaha haichunguzi. Osundwa alivaa. Bega lilikaa kama limeota pale. Mkono uliishia pale mkono wa muungwana unapoishia. Suruali ilishuka wima hadi kiatuni, ingawa kule juu haikufunga, akaishikilia kwa ngumi. Kisha akashika kifungo akatafuta tundu lake.

Kifungo na tundu vilitazamana kwa mbali, kati yao tumbo lote la Mzee Osundwa.

"Vuta," alisema Milcah.

"Nimevuta."

"Vuta tena!"

"Mama Nekesa, ikifungwa hii, itafunguka kanisani na kifungo kitamtoa pasta jicho."

Kupitia dirishani walimwona Wanzala akipita kuelekea chooni, polepole, mkono ameukunja. Osundwa alivua koti, akaliweka kitini kwa upole mno, akaketi kando yake. Kwa kuwa hakuweza kumlilia mtu yeyote pale, Milcah aliamua kwenda kumlilia fundi. Akaikunja suti, akachukua leso yake. Jambo la ajabu ni kwamba Osundwa naye alichukua kofia.

"Wewe unaenda wapi?"

"Kukusindikiza," alisema, akitazama pembeni.

Kibarazani kwa Phineas, Milcah hakungoja salamu.

"Fundi, umeniibia kitambaa! Nilikupa kitambaa cha mtu mzima, umeshonea mtoto wa kipaimara! Nyinyi mafundi mnajipunguzianga nguo za watu, na sasa umepata ya mume wangu!"

Wateja kwenye benchi waliacha mazungumzo yao ili wafaidi haya. Phineas aliinuka bila haraka. Alikwenda ukutani, kwenye msumari alikotundika kamba ya katani yenye vipande vya rangi, akaishusha. Akalitandaza koti mezani, akalifunga kifungo, akalipima kiunoni kwa kamba mbele ya mashahidi. Fundo jeusi liliangukia pale pale, si mbele, si nyuma.

"Mama, mimi nimeshona kamba yako," alisema. "Kamba iko sawa. Labda mzee amenenepa inchi sita kwa wiki mbili. Unamlishanga nini?"

Milcah alishika fundo jeusi, akaligeuza huku na huku. Alilifunga mwenyewe, kwa vidole vyake, na hakukosea. Benchi likaguna. Ndipo aliposikia kikohozi nyuma yake. Kilikuwa kile kikohozi cha kuomba radhi kabla ya radhi yenyewe.

"Nilikuwa macho," alisema Osundwa.

"Lini?"

"Jumapili. Ulipogusa mgongo niliamka, nikaendelea kukoroma. Halafu ulipofika kwa tumbo…" Alivua kofia, akaitazama ndani. "Nilijua hiyo kamba inaenda mjini. Sikutaka fundi wa mjini aseme nina tumbo. Nikalivuta kidogo."

"Kidogo!" alisema Phineas. "Mzee, hiyo si kidogo, hiyo ni kipaji."

Kicheko cha benchi kilifika hadi ng'ambo ya barabara. Milcah hakucheka. Alikuwa akimtazama mumewe kama anayepiga hesabu na jibu linamtisha.

"Baba Nekesa. Ulijua unapimwa."

"Nilijua."

"Na ukakubali?"

"Ningefanya nini? Ningeamka, ungeacha. Ungeacha, Wanzala angempeleka mtoto." Sauti yake ilishuka. "Siku tatu za kwanza sikupata usingizi kabisa. Nilikuwa nikilala tu na kukusikiliza ukipumua. Siku ya nne nikaamka, nikaona bado niko, nikaenda kukata majani ya ng'ombe. Na hata leo nikaamka tena."

Milcah alitaka kumkumbatia na kumpiga kofi, yote mawili kwa wakati mmoja, na kwa kuwa walikuwa mjini hakufanya lolote. Alisema tu, kwa ukali kuliko alivyokusudia:

"Basi simama huko mbele, upimwe kama mtu."

"Ile ilikuwa kamba. Hii ni tepu."

"Simama!"

Osundwa alisimama katikati ya kibaraza, akanyoosha mikono pande zote mbili kama kinyago cha kufukuzia ndege, akafunga macho. Phineas, ambaye madaha yake yalikuwa yamemwisha, alimzungushia tepu pole kama anayemvisha mtoto.

"Thelathini na nane," alisema, akakunja uso.

Milcah akamdunga mumewe kidole ubavuni. Pumzi ikatoka, puuu.

"Arobaini na nne!" alitangaza fundi, na mama mmoja kwenye benchi akapiga kigelegele.

Osundwa alifungua jicho moja, kisha la pili. Alilitazama benchi, cherehani, barabara, watu wakipita na mikungu yao ya ndizi. Akashusha mikono. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu mwenye biashara yake, koti na suruali vitapanuliwa vipi na hali vimekwisha kushonwa.

Phineas alilipindua koti, akafungua bitana, akamwonyesha kitambaa kilichokunjwa ndani ya mshono. Mafundi wazuri huacha akiba hapo, alieleza, maana watu hubadilika. Lakini akiba hii ni inchi tatu, na zinahitajika sita. Akakuna kichwa. Akamtazama Milcah, akatazama chini, akakohoa. Halafu, polepole sana, aliinama chini ya cherehani, akavuta katoni, akatoa kipande cha samawati iliyoiva, nusu mita nzima, kimekunjwa vizuri.

"Hii ilibaki," alisema. "Ilikuwa… ilibaki tu."

"Ilibaki!" alipaza Milcah. "Si nilisema? Si nilisema, nyinyi watu wa benchi?"

"Nilitaka kushonea mtoto wangu kizibao," alikiri Phineas kwa unyonge, na benchi likapata la kucheka mwezi mzima.

Osundwa hakuwa nao. Alikuwa amekishika kile kipande mkononi, akikipima kwa kukitazama tu, kama anavyopima muwa kabla ya kuukata.

"Fundi," alisema, "ukitoa hapa cha kuongezea, kitabaki cha kutosha?"

"Kitabaki, mzee. Karibu nusu yake. Naweza kukupa uende nacho."

"Hapana. Kishone ndani, kwa mshono, chote. Usikate hata kidogo." Alivaa kofia yake, akaiweka sawa. "Mimi bado nitanenepa miaka mingi."

Milcah aligeukia barabara na kuanza kufunga leso yake upya, ingawa ilikuwa imefungwa vizuri. Nyuma yake alimsikia mumewe akimwambia fundi ampime tena, safari hii na shingo.