Mtabiri wa Uzito wa Juu

Mjinga wa siku ile ni mimi. Nasema mapema nikuepushie kazi ya kumtafuta, maana hadithi hii ina watu wachache na wengine wote walikuwa na akili.

Naitwa Kiema, fundi wa kuchomelea mageti hapa Voi. Ukiona geti limekaa upande kidogo kama pua yangu, jua ni la mkono wangu. Pua yenyewe ilipindishwa siku nilizokuwa bondia wa uzito wa juu. Nilipigana mapambano mengi, ila niliyoyaona mpaka mwisho ni machache, kwa sababu mengine nilikuwa nimelala. Lakini mtu aliyepigwa sana hujiona amesoma. Kwa hivyo mashindano ya kitaifa ya ndondi za ridhaa yalipoletwa mjini kwetu, na redio ya mtaa ikatafuta mtu wa kutabiri nani atavaa medali, nilioga, nikavaa koti la harusi, nikaenda.

Nilikuwa na mbinu zangu. Nilimtazama bondia shingo. Nilimtazama anavyoshuka kwenye basi. Nilimtazama anavyokunywa chai: anayeipuliza, nikawaambia wasikilizaji, anaogopa moto. Siku ya kwanza nikamtangaza Kaloki, kijana mmoja kutoka Makueni, kwamba dhahabu yake imeshang'arishwa inamngoja. Kaloki alikaa ulingoni muda mfupi kuliko mtu aliyeingia kuuliza njia. Kesho yake nikataja watatu, wote wakarudi makwao na basi moja. Katikati ya wiki mabondia walikuwa wakiniona barabarani wanavuka ng'ambo. Mmoja alinifuata hadi karakana, akanisalimia kwa adabu, akasema, "Mzee, nimesikia unanifikiria. Tafadhali usinitaje. Mama yangu ana presha."

Mji ukacheka, nami nikacheka nao, kwa sababu nilishajifunza kwamba watu wakikucheka ni afadhali uwe ndani ya kicheko kuliko nje.

Aliyekuwa hacheki ni Nyongesa. Huyu ni kocha wa klabu ya mashamba ya mkonge, mtu mwembamba, mkavu, anayechechemea mguu mmoja na anayeongea kama anayelipia maneno. Alikuwa na bondia mmoja tu aliyebaki mashindanoni, msichana anayeitwa Lorine Nanzala, kilo hamsini na nne. Mama yake Nanzala anakata mkonge tangu Nanzala hajazaliwa, na mikono ya mama huyo unaweza kukwangulia samaki magamba. Sasa timu moja ya majeshi ilikuwa imemtuma mtu kuja kuchagua, na mtu huyo alisema wazi: katika uzito ule ana nafasi moja, ya mwenye dhahabu. Dhahabu ilikuwa kazi ya kudumu, sare na nyumba. Fedha ilikuwa picha ya kutundika ukutani.

Nanzala aliposhinda nusu fainali, Nyongesa alinishika koti nje ya ukumbi.

"Kiema, nakuomba kama ndugu yangu. Taja kila mtu. Taja refa. Taja hata muuza mayai. Huyu msichana muache."

"Bwana, kwani mimi ni mchawi?"

"Mchawi ana nafuu. Yeye hukosea mara moja moja."

Mtu mwenye akili angeelewa. Mimi nilikwenda moja kwa moja redioni nikasema, kwa sauti ile yangu ya ibada: "Wasikilizaji, dhahabu ni ya Nanzala. Amebakisha pambano moja tu, la Evelyn wa Nairobi. Zaidi ya Evelyn hana mtu wa kumshinda." Nyongesa alizima redio, nasikia, kwa kuitia ndani ya ndoo ya maji.

Hapo ningekuwa nimeharibu vya kutosha kwa mtu wa kawaida. Lakini siku iliyofuata ilikuwa ya mapumziko, na alasiri nikakutana na Nanzala sokoni peke yake, akitembea polepole kwenye kivuli. Nikamwambia binti wa nyumbani hawezi kucheza fainali Voi bila kukanyaga mlango wangu. Akasema kocha amemwambia arudi alale. Nikamwambia kocha ni wangu, nitamweleza. Akanifuata, kwa sababu amelelewa vizuri. Malezi mazuri yamewaponza wengi.

Nyumbani tulimkuta mama mkwe wangu, Mama Ndila, ameteremka kutoka Wusi, kule milimani, siku hiyo hiyo. Mama Ndila hateremki mikono mitupu. Alikuwa na mihogo, ndizi na maharagwe ya shamba lake, na tayari alikuwa jikoni anaponda kimanga. Kama hujawahi kula kimanga cha Wataita, ni chakula kimoja kinachoingia tumboni kikavua viatu. Na mimi ni Mkamba niliyeoa Mtaita; kwa miaka yote hiyo sijawahi kumkatalia yule mama kitu chochote, hata alipotaka kuku wangu wote wawe weupe.

Nanzala alipoona sinia, macho yake yalifanya kama ya mtu aliyeona nyoka kanisani.

"Shikamoo nyanya. Asante sana. Mimi nimeshiba."

"Umeshiba wapi?" Mama Ndila akauliza. "Shingo kama ya bata. Baba Kituku, huyu ndiye anayepigana?"

"Ndiye, mama," nikajibu.

"Na nani? Na upepo?"

Mke wangu Wakio alikuwa amesimama mlangoni na chupa ya maziwa. Akaniangalia. "Baba Kituku, huyu mtoto si anapimwa kesho asubuhi?"

Nami nikacheka. Hapo ndipo ujinga wangu una mizizi, na inabidi niufukue wote. Mabondia wa ridhaa hupimwa uzito kila asubuhi ya siku wanayopigana. Ukizidi kipimo hata kwa kijiko, hupigani. Kila bondia anajua. Lakini mimi nilikuwa uzito wa juu, na uzito wa juu hauna dari. Sisi tulipanda mizani kama watu wanaopanda jukwaani kupokea zawadi. Asubuhi ya kupimwa mimi nilikuwa nakula chapati nikiwa nimesimama juu ya mizani yenyewe, na mpimaji ananiuliza kama nimebakisha. Wale wadogo waliokuwa wanatema mate pembeni na kukimbia na masweta, nilidhani ni wagonjwa. Niliwahi hata kumpa pole mmoja.

"Apimwe," nikasema. "Watakuta mtu. Nanzala, kula. Mtu niliyemtabiria dhahabu haingii ulingoni na tumbo kama begi tupu."

"Anko, kocha alisema..."

"Kocha hayupo. Nyanya yupo."

Nyanya alikuwepo kweli, amekaa mbele yake, mikono mapajani, anangoja kuona sahani ikiisha. Nanzala akala. Sahani ikaisha, ikajazwa. Wakio akaweka maziwa mezani kwa kishindo, na ile ndiyo iliyokuwa kengele ya mwisho, nami nikadhani ni ukarimu.

Asubuhi nilifika ukumbini mapema, nimenyoa, tayari kwa kusifiwa. Nikamkuta Nyongesa nje, amesimama wima kama mti uliopigwa na radi. Nanzala alikuwa amekaa chini, taulo kichwani.

"Gramu mia saba," Nyongesa akasema.

"Zimepungua?"

Nanzala ndiye aliyeinua taulo, macho mekundu. "Zimezidi, Anko. Wamenipa mpaka saa tatu. Mizani ikifungwa, Evelyn anapewa dhahabu bila kuvaa glavu."

Nimepigwa ngumi nyingi za tumbo. Ile ilikuwa ya kwanza kupigwa na mtu aliyekaa.

"Mimi..." nikaanza.

"Wewe vua koti," Nyongesa akasema. "Uliyemlisha utamkimbiza. Mimi mguu huu hauendi."

Tukamvisha Nanzala sweta mbili, koti langu la harusi, na juu yake koti la mvua la plastiki. Tukamtia chingamu mdomoni, maana kutafuna huleta mate na kila tone la mate lina uzito. Mimi nikapewa mkebe wa kutemea. Tukashika barabara ya kwenda Taveta, upande wa Mraru, na jua la Voi, ambalo siku nyingine huamka kama mtu aliyelipwa, siku ile liliamka kama linafanya kazi kwa kupenda.

Nanzala alikimbia. Mimi, kwa kusema ukweli, nilikuwa naanguka mbele kwa mpangilio. Kila mara alipogeuza shingo nilitakiwa niwe pale na mkebe, na mara mbili nilichelewa, akatemea kiatu changu. Habari zilikuwa zimetangulia. Wauza matikiti wa kando ya barabara walisimama.

"Kiema! Umetabiri nini tena unafukuzwa?"

"Mtaje huyo fundi wa pancha naye, tunamchukia!"

Mama mmoja akaniuliza kama yule niliyekuwa namfuata ameiba koti langu. Nilitaka kumjibu lakini pumzi ilikuwa imeshuka kituo cha nyuma. Mwishowe nilikaa juu ya jiwe. Maundu, kijana wa bodaboda anayenijua, akasimama akanipakia, na safari ya kurudi niliifanya hivyo, nimekaa nyuma ya pikipiki na mkebe wangu kama padri na sadaka, nikipiga kelele, "Kaza, Nanzala! Kaza!" Akanigeukia mara moja tu. Uso ulikuwa umekauka, midomo imepasuka. Nikaacha kupiga kelele.

Nilimtazama mgongo njia iliyobaki yote. Wiki nzima nilikuwa natazama shingo za watu na vikombe vyao vya chai, na sikuwa nimemwona hata mmoja.

Tulifika mlangoni pa chumba cha mizani dakika chache kabla ya kufungwa. Nanzala alikuwa anatetemeka. Nami, kwa huruma, nikafungua chupa ya maji nikamnyooshea.

Nyongesa, aliyesema mguu wake hauendi, aliruka. Chupa iligonga ukuta.

"Kiema! Unataka tumzike leo au kesho?"

Akapanda mizani. Mpimaji aliinama, akanyooka, akainama tena. "Hamsini na nne kamili. Anayefuata." Hakuwepo wa kufuata. Nanzala alishuka, akaokota ile chupa, akanywa maji yaliyobaki akiwa amekaa sakafuni, na mimi nikasimama pembeni nikiogopa hata kumpongeza.

Fainali yake ilikuwa alasiri. Uji, chumvi kidogo na usingizi vilimrudisha kiasi, si sana. Mimi nilikuwa kwenye kiti cha redio kando ya ulingo, na msichana wa redio akanisogezea kipaza sauti: "Mzee Kiema, utabiri wako?" Ukumbi mzima ukageuka kunitazama. Nilimwona Nyongesa kwenye kona yake amefumba macho.

"Sijui," nikasema.

Watu walipiga makofi. Ndiyo makofi pekee niliyopata wiki ile.

Raundi ya kwanza Evelyn alimpiga Nanzala anavyotaka. Ana mikono mirefu yule dada, unadhani amesimama nyumba ya pili. Raundi ya pili Nanzala akaacha kumkimbilia, akaanza kumngoja, akamla mbavu kidogo kidogo. Ya tatu miguu ilikuwa imeisha kwa wote wawili, lakini mmoja wao alikuwa amekimbia barabara ya Taveta asubuhi hiyo na koti langu, na alikuwa ameshazoea kwenda bila miguu. Majaji watatu kwa wawili. Refa akauinua mkono wa Nanzala, na yule mtu wa timu ya majeshi akainuka kwenye kiti chake, akafunga kifungo cha koti, akaelekea kona ya Nyongesa.

Sasa mtu mwenye aibu angekwenda nyumbani kimya. Mimi jioni ile nilikuwa uani kwangu mbele ya majirani, Nyongesa, Wakio, mama mkwe na Nanzala mwenyewe na medali yake shingoni, anakula kimanga sahani ya pili kwa hiari yake, na nilikuwa nimeshapata pumzi ya kutosha kujitetea.

"Nilisema au sikusema?" nikauliza. "Dhahabu! Iko wapi? Si hiyo hapo?"

"Ungemkosesha," Nyongesa akasema.

"Nilimkomaza! Bila zile mbio angekuwa na miguu ya raundi ya tatu? Wewe kocha ulikuwa na mpango gani? Kimanga ndicho kilikuwa mpango."

"Baba Kituku," Wakio akasema, "nyamaza."

"Sinyamazi. Wiki nzima mmenicheka. Nimepata mmoja. Huyu mmoja ni wangu. Nilisema redioni, na mji mzima ulisikia: amebakisha pambano moja tu, la Evelyn, hana mwingine wa kumshinda. Nani atasimama hapa aniambie nilikosea wapi?"

Majirani walianza kugawanyika, wengine wakiniunga mkono kwa sababu ya chakula. Mama Ndila alisema kimanga hakijawahi kumuua mtu. Nyongesa akasimama, akakaa. Nanzala alimeza tonge, akafuta vidole, akaisukuma sahani yake mbele yangu.

"Anko," akasema, "na lile la asubuhi nililopigana na wewe, mbona hukulitabiri?"