Soda Baridi Kutoka kwa Kabati

Habari ya ng'ombe wa Mautuma niliipata kwa mashine ya kusaga mahindi, na tangu siku hiyo ilikataa kunitoka kichwani. Jirani yangu Risper alikuwa kwa foleni na debe lake, akisema ati huko Mautuma ng'ombe alilamba ukuta wa nyumba ya mabati akafa hapo hapo, amesimama, ulimi bado uko kwa bati. Ati mwenye nyumba alikuwa ameiba stima.

"Amekufa amesimama aje?" nikamuuliza.

"Amesimama tu. Watu walikuwa wanapita wakidhani anafikiria."

Wanawake wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nyumba yetu ni ya mabati, na vile stima yetu iliingia nilijua.

Binti yangu Beverly anauza soda na barafu za juisi hapa nyumbani, kando ya barabara ya kwenda Lumakanda. Friji ilikuwa inakula token za stima kuliko vile ilikuwa inaleta faida. Ndipo akamleta Wanzala, kijana anayejiita fundi wa stima, ingawa mimi ninachojua alitengeneza ni redio ya baba yake, na hiyo redio haijaongea tena. Wanzala akashika waya kule juu kabla haujafika kwa mita, akaupitisha kwa tundu la ukuta, akaupeleka moja kwa moja kwa friji na taa. Mita ikabaki ukutani kama picha ya mtu aliyehama.

Niliporudi na unga nikamwambia Beverly habari ya ng'ombe.

"Mama, sisi hatuna ng'ombe," akasema, bila kuinua macho kwa simu.

"Tuna Nekesa."

Nekesa ni mtoto wake, bado hajaanza shule, na hakuna kitu katika boma hili hajalamba. Beverly aliguna tu. Basi nikaanza kujikinga mwenyewe. Mlango wa bati nikawa nafungua kwa mwiko. Nekesa nikamvisha gambuti za mpira asubuhi mpaka jioni, hata akaenda nazo kanisani juu ya soksi nyeupe. Mke wa pasta akaniuliza kama huku kwetu kumenyesha. Nikamwambia bado, lakini tunangoja.

Kisha mtoto akaanza kusema kamba ya nguo inamuuma. Kamba yetu ni waya uliofungwa kwa msumari wa ukuta.

"Ni siafu," Beverly akasema. "Mama, umemjaza uoga huyu mtoto."

Siafu sikuona hata mmoja. Nikamwomba amwite Wanzala aondoe ile kitu. Akasema mwisho wa mwezi. Beverly sikumshtaki popote, kwa sababu ni mwanangu, na niliogopa pingu kama nilivyoogopa bati.

Siku ambayo watu wa stima walikuja, Risper ndiye alipiga kelele kutoka kwa ua. "Wako kwa kina Shikanga, wanakuja huko kwenu."

Beverly akaruka. Friji akaifunika kwa vitambaa vyote vya makochi, juu akapanga sahani, thamosi na picha yake ya kumaliza fomu four. Akawasha koroboi saa sita mchana.

"Hii ni kabati," akaniambia. "Ukiulizwa, kabati."

"Na ikinguruma?"

"Imba."

Akaingia msichana wa rika la Beverly, amevaa kofia ngumu na buti nzito, jasho linamtiririka mpaka kidevuni. Mwenzake alibaki nje akiangalia nguzo.

"Hodi, mama. Naitwa Chepkoech, nimetoka kwa kampuni ya stima. Mita yenu haijapata token tangu Krismasi. Kuna shida?"

"Tuliacha stima," nikasema. "Tunatumia koroboi. Macho yanazoea."

Akaitazama koroboi, akatazama jua dirishani. Hapo friji ikaanza kunguruma. Nikashika wimbo wa kanisa, Beverly akaingia kwa sauti ya pili. Tuliimba sana. Chepkoech akavua kofia kwa heshima, na tulipofika pambio akatusaidia. Friji ikanyamaza, nasi tukanyamaza.

"Mnaimba vizuri," akasema. "Mama, naomba niketi kidogo. Hili jua limenimaliza."

Akaketi, akajipangusa kwa mkono wa shati. Nikamwangalia. Midomo imemkauka, ni mtoto wa mtu, ametoka mbali, na kwangu mgeni hajawahi kutoka na mdomo mkavu. Kichwa changu hakikuulizwa. Mkono ulienda wenyewe, ukainua kitambaa, ukafungua mlango, ukatoa soda. Nilishtuka chupa ikiwa tayari mikononi mwake, inatoka jasho la baridi.

Beverly alikuwa anaangalia dari.

Chepkoech akanywa nusu, akaiweka chupa kwa shavu, akafunga macho.

"Asante sana, mama. Hii kabati mnaiwekea kuni ama makaa?"

Friji ikaanza tena, na mara hii hakuna aliyeimba.

"Mlijuaje?" Beverly akauliza kwa sauti ndogo. "Ni nani alisema?"

"Hakuna mtu alisema. Kwa transfoma kuna mita kubwa inayohesabu stima yote inayokuja huku. Tunalinganisha na ile mmenunua nyinyi wote. Ikipotea nyingi, tunaangalia ni nyumba gani zina mita na hazinunui, halafu tunazitembelea. Yako ilikuwa ya kwanza, dada yangu. Hata kwa kina Shikanga nilikuwa nauliza njia tu."

Beverly akaanza kumwomba, mara mtoto ni mdogo, mara biashara ni ndogo. Mimi nikamkatiza, kwa sababu kuna neno lilikuwa limenikaa kooni siku nyingi.

"Mwanangu, ni kweli ng'ombe anaweza kufa akilamba bati?"

Chepkoech hakucheka. Aliweka soda chini. "Waya umepitia wapi?"

Nikamwonyesha tundu. Makali ya bati yalikuwa yamekula ile plastiki ya waya mpaka shaba inaonekana. Akatoa kitu kama kalamu, akakigusisha ukutani. Kikawaka, kikalia. Akatoka nje, akakigusisha kwa kamba ya nguo ambapo gauni la Nekesa lilikuwa limeanikwa. Kikawaka, kikalia.

Nekesa akaja na gambuti zake. "Hiyo ndiyo huniumanga," akasema, na kuinua mkono aonyeshe.

Beverly alimnyakua kabla kidole hakijafika. Hakumweka chini tena.

"Nani alimvisha viatu hivi?" Chepkoech akauliza.

"Mimi."

"Asivue mpaka tukate. Vimemsaidia, lakini mvua ya kwanza ingenyesha, havingetosha."

Mwenzake akapanda nguzo, akakata. Beverly alipewa faini ambayo atailipa pole pole, na namba ya simu ya Wanzala aliitoa bila kuombwa. Wanzala mwenyewe amesafiri kwa mjomba wake Likuyani, ati kupalilia mahindi, na mahindi yote yalishavunwa. Sisi tunauza soda za moto, na wateja wakija wanasema, "Mama, leta ya kabati." Nawaacha wacheke. Beverly sasa analala akiwa amemshika mtoto mguu.

Wazazi wenzangu, mambo ya kuepuka ni haya:

Usikubali mtu aguse waya kabla ya mita, hata kama ni jirani na anakupunguzia bei.

Usidhani mita ikinyamaza hakuna anayeona. Ikinyamaza ndipo wanakuja.

Usipitishe waya kwa tundu la bati.

Usifunge kamba ya nguo ya waya kwa ukuta wa mabati.

Usingoje mwisho wa mwezi.

Mtoto akisema kitu kinamuuma, usimwambie ni siafu.