Kikombe cha Bati

Gari lilipoacha lami na kushika njia ya bondeni, Anastazia aliusukuma ufunguo uliokuwa shingoni mwake ndani ya blauzi, usionekane.

Tangu asubuhi walikuwa wamemkalisha kwenye benchi la ofisi mjini Tunduma. Walimkamata sokoni akiuza maharage. Alimwambia mteja atandaze chitenge chake ampimie, na afisa aliyesimama nyuma yake akalidaka neno hilo. Mtanzania husema kitenge, alisema, akadai kitambulisho. Anastazia alikuwa na fomu tu, mwaka wa nne sasa anasubiri.

Mfagizi wa pale, Frida, alimletea chai na nusu andazi, akakisogeza kikapu chake cha maharage kisipigwe mateke na wapita njia. Hata yeye, Anastazia hakumwambia kwamba nyumbani kuna mtu.

Maana mama yake, bibi Tabita, hakuwa na hata fomu. Kiharusi kilikuwa kimemlaza miaka miwili, hasemi, hajigeuzi. Alichobaki nacho ni kikombe cha bati na ukuta. Akigonga mara mbili anataka maji, mara tatu anataka kugeuzwa. Anastazia alimfungia kwa kufuli kwa kuogopa vibaka, akakusudia kurudi saa sita. Sasa ilikuwa saa tisa, na majirani, akina Mbonile, walikuwa shambani Msangano wakivuna. Lakini akimtaja tu, watambeba na yeye wakamtupe ng'ambo ya mpaka kama gunia.

"Baba yako alizikwa wapi?" afisa alikuwa amemwuliza kule ofisini.

"Nyuma ya nyumba yetu, afande."

"Twende ukanionyeshe."

Walipofika, afisa hakuitazama nyumba. Alizunguka nyuma, na askari kijana aitwaye Ipyana akafuata amebeba kikapu. Kaburi lilikuwa pale pale, hatua thelathini kutoka mlango wa nyuma, na msalaba wake wa saruji. Katikati ya nyumba na kaburi lilisimama jiwe la mpaka, jeupe kwa chokaa mpya. Wapimaji walilisimika mwaka juzi.

Afisa alicheka kidogo. "Mama, baba yako amelala Zambia."

"Hajahama, afande. Jiwe ndilo lililokuja."

"Jiwe ni la serikali mbili. Wewe nani ulisahihishe?"

Ndani ya nyumba kitu kiligonga ukuta. Ngo, ngo, ngo.

"Nani huyo?"

"Mbuzi, afande. Anapiga pembe."

Ipyana alimtazama, kisha akatazama kufuli mlangoni.

Afisa aliandika karatasi juu ya boneti ya gari, lililoegeshwa kando ya nyumba, akamshika Anastazia kidole gumba na kukigandamiza kwenye wino. Alimwambia avuke, aende kwa baba yake. Akionekana tena upande huu ni jela. Kisha akaingia garini kupiga simu.

Anastazia alivuka, na Ipyana akamvushia kikapu. Alikiweka taratibu kando ya msalaba, maharage yasimwagike, akasema pole mama, na alikuwa akimaanisha. Akarudi upande wake wa jiwe.

Anastazia alivua kamba ya ufunguo shingoni.

"Mwanangu," alinong'ona, "si mbuzi. Mfungulie. Mpe maji tu, halafu umgeuze aelekee ukutani, ubavu anaolalia sasa una kidonda."

Mkono wa kijana uliinuka, ukasita hewani. Akageuka kutazama gari. Afisa alikuwa ameshusha kioo.

"Siruhusiwi kupokea kitu cha mgeni, mama," Ipyana alisema kwa sauti, ili asikike.

Kikombe kikagonga mara mbili. Ipyana aliinamia viatu vyake. Ufunguo ulining'inia kwenye kamba, juu ya jiwe, na hakuna aliyeupokea.

Kisha kikagonga mara moja.

Mara moja hawakuwahi kuipa maana. Anastazia aliketi ukingoni mwa kaburi, akasubiri pigo la pili.